Taa ya Malindi Ilionyesha Tulichotaka: Kisa cha Majina kwenye Ubao wa Kuongozea Treni

Treni ya mawe ilitoka Bububu ikielekea Ngomeni. Treni ya abiria ilikuwa imekwisha kuingia Malindi, ile ya Unguja, na kusimama kwenye njia ya kupishana, ikiingoja ya mawe ipite njia kuu. Mwongozaji alikuwa chumba cha ndani, mlango umerudishwa, mbele ya ubao wake. Akauliza kwa simu: "Malindi mbili iko kushoto?" Kijana aliyesimama kando ya meza akaitazama pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, akajibu: "Iko kushoto, Maalim." Kwenye ubao, taa ya Malindi mbili ilikuwa kijani. Maalim akaruhusu. Hazikupita sekunde kumi, tukasikia mgongano, kisha kitu kikadondoka sakafuni.

Kilichodondoka ni behewa la mawe lenye urefu wa sentimita 6, maana reli yetu ni ndogo, ya juu ya meza. Lilichongwa kwa vipande vya mvule vilivyobaki kwa mafundi wa milango, na aliyelichonga, seremala mzee wa kikundi chetu, alikaa nalo karibu mwezi mzima. Ekseli moja ilikatika na ubavu ukapasuka kufuata mkondo wa mbao. Mzee aliinama akaviokota vipande vyote, hata kile kijiti chembamba kama cha kiberiti, akavifunga kwenye leso yake na kuvitia mfukoni. Hakusema neno. Wageni, wengi wao wazazi waliokuja na watoto wa skuli, walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna mtu aliyesema uongo jioni ile. Mwongozaji aliuliza swali la haki. Kijana alijibu alichokiona kwa macho yake. Hata programu ya kompyuta iliyo nyuma ya ubao ilifanya kile ilichoagizwa. Kilichotuangusha ni majina.

Reli yenyewe

Wasomaji wa nje ya Unguja huenda hawajui kwamba kisiwa hiki kiliwahi kuwa na reli. Kabla ya mwaka 1890 Sultani Barghash alikuwa na reli yake ya kwenda Chukwani. Kisha, kati ya 1904 na 1905, kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheyney ikajenga njia ya maili 7 kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu, na uwanja wa Ngome Kongwe ukatumika kama karakana yake. Upana wa njia ulikuwa futi 3. Siku zake za mwisho reli hiyo ilikuwa ikibeba mawe ya ujenzi wa bandari zaidi ya watu.

Sisi tunaijenga upya juu ya meza, kwa kipimo cha milimita 3 kwa futi moja, yaani 1:101.6. Kipimo hicho tulikipenda kwa sababu futi 3 zinakuwa milimita 9 kamili, na reli ya milimita 9 ni ile ile inayotumiwa na wenye modeli za kipimo cha N duniani kote. Maili 7 kwa kipimo hicho ni kama mita 111, na chumba chetu kinaruhusu 14 tu, kwa hiyo tumechagua vituo vinne: Ngomeni, Malindi, Mtoni na Bububu. Hayo ni machaguo yetu ya mchezo, sidai kwamba ndivyo ratiba ya kale ilivyokuwa. Hata ubao wa kuongozea si wa reli ile. Mtambo wa mtu mmoja kuongoza pointi na ishara za mbali akiwa amekaa mezani ulianza kazi Julai 1927 huko Ohio, Marekani, kwenye kipande cha maili 40 hivi cha reli ya New York Central kati ya Stanley na Berwick, ukiwa umetengenezwa na General Railway Signal. Wakati huo reli yetu ilikuwa inaelekea kufa. Tumeviunganisha viwili hivyo kwa kuwa tunavipenda vyote.

Ubao ni plaiwudi ya sentimita 120. Ramani ya njia imechorwa juu yake, bahari upande wa juu, Mjini kushoto, Bububu kulia, kama anavyoona mtu aliyesimama shamba akitazama pwani. Chini ya kila pointi kuna wenzo wa kugeuza na taa mbili: kijani kwa njia kuu, manjano kwa njia ya pembeni. Nyuma ya ubao kuna bodi ndogo za kielektroniki, za Arduino, zinazozungumza na kompyuta kwa utaratibu wa C/MRI, ule alioutoa Bruce Chubb kwa wapenzi wa reli ndogo mwaka 1985. Kwenye kompyuta tunatumia JMRI, programu ya bure.

Tulichokikuta usiku ule

Wageni walipoondoka tulizima umeme, tukachukua tochi, tukaanza kufuata pointi moja tu kutoka reli hadi ubao. Ni ile ya Malindi upande wa Bububu. Kwenye reli, mkono wa sevo, mota ndogo, unaosukuma ulimi wa pointi (kile kipande cha reli kinachogeuka) haukuwa umesogea. Waya unaoipelekea sevo amri ulikuwa umechomoka, pengine tulipousogeza mguu wa meza mchana. Kwa hiyo pointi ilikuwa imebaki pembeni tangu treni iliyotangulia, na treni ya mawe ikaingizwa moja kwa moja kwenye mgongo wa treni ya abiria.

Waya kuchomoka si kisa. Waya huchomoka. Mtambo wa kuongozea umebuniwa kwa ajili ya siku waya utakapochomoka: wenzo unasema unachotaka, taa inasema kilichopo, na vikipishana mwongozaji anajua asiruhusu. Kwenye ubao wa kweli wa Kimarekani taa zote mbili huzimika pointi inapokuwa safarini, na haiwaki hata moja mpaka pointi ifike na kukaa. Swali letu basi lilikuwa hili: kwa nini taa ya kijani iliwaka ilhali pointi haikusogea?

Binti mmoja wa Chake Chake, anayesomea kompyuta, ndiye aliyeliona. Alifungua jedwali la vihisi, yaani vinavyoiarifu kompyuta hali ya kila kitu, kwenye programu, akashuka nalo mstari kwa mstari, akasimama. "Maalim, njoo uone hapa. Kuna Malindi mbili, halafu kuna malindi mbili."

Kulikuwa na "Malindi2" kwa herufi kubwa na "malindi2" kwa herufi ndogo. Kimoja kilikuwa kihisi cha ndani ya kompyuta, kinachoshika hali ya wenzo. Cha pili kilikuwa CS1007, swichi ndogo iliyo chini ya meza, inayobonyezwa na ulimi wa pointi unapofika. Programu inahesabu herufi kubwa na ndogo kuwa vitu tofauti, kwa hiyo ilikubali majina yote mawili bila kulalamika. Aliyechora picha ya ubao kwenye kompyuta alipofika kwenye orodha ya kuchagua, alichagua la kwanza. Tangu siku hiyo taa ya Malindi ilikuwa inausoma wenzo. Ukigeuza, inawaka. Ilionyesha tulichotaka, si kilichokuwapo. Na taa ya ishara ya dereva nayo ilitegemea jina hilohilo, kwa hiyo mtoto aliyekuwa akiendesha kwa simu aliona ruhusa halali mbele yake.

Miezi mitano taa ile iliwaka vizuri kila siku, maana kila siku sevo ilikuwa inatii.

Tukaendelea kuchimba. Pointi ileile, kitu kimoja kilicho pale mezani, ilikuwa na majina manne. Kwenye karatasi ya ubao iliandikwa "2". Kwenye kompyuta ilikuwa CT1003. Kwenye utepe wa karatasi uliofungwa kwenye waya iliandikwa MAL KUSH. Na kwenye daftari la kazi iliitwa "pointi mpya", ambapo ukurasa wa mbele yake kulikuwa na "pointi mpya 2", ambayo sasa ina mwaka na nusu. Jedwali lote lilikuwa hivyo. Kulikuwa na S2 tatu: swichi namba 2, signali namba 2, sensa namba 2. Kila mmoja wetu aliyepita alikuwa ameandika alichokielewa yeye siku ile.

Kushoto ya nani

Neno "kushoto" nalo lilikuwa na kesi yake. Mwongozaji alipouliza kama Malindi mbili iko kushoto, alikuwa anafikiri mkao wa wenzo: kwenye mitambo ya Kimarekani, na kwenye wetu, wenzo ukilala kushoto pointi inatoa njia kuu. Kijana alipojibu kwamba iko kushoto, alikuwa amesimama nyuma ya treni akitazama kule inakokwenda, na njia ilikuwa inachepuka kushoto kwake, upande wa shamba. Kushoto kwa Maalim ni salama, kushoto kwa kijana ni ajali, na neno ni moja.

Mwenzetu mmoja aliyefanya kazi majahazini alituambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema baharini, kwenye kushika tanga, huwezi kutegemea kushoto na kulia peke yake, kwa sababu chombo kinageuka na watu wanageuka. Ndiyo maana kuna upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda. Mtu akitazama mbele au nyuma, joshi ni joshi. Tukakubaliana kwamba reli nayo inahitaji pande ambazo hazigeuki na anayezitazama.

Hapo ndipo tulipogundua ugumu ambao wenzetu wa Ulaya na Marekani hawaujui. Wao wanaandika L na R, au N na S, na yamekwisha. Sisi tukijaribu herufi ya kwanza, kushoto ni K, kulia ni K. Kaskazini ni K, kusini ni K. Mashariki na magharibi zote M. Kila jozi ya pande hizo inaanza kwa herufi moja. Mtu akikopa utaratibu wa Kizungu na kutafsiri maneno tu, anapata ubao uliojaa K ambazo hakuna anayezijua. Tulitumia siku mbili kuzunguka hapo, kisha tukaacha dira kabisa na kushika ncha za njia: M kwa Mjini, B kwa Bububu.

Neno jingine lililotupwa siku hiyo ni "imefungwa". JMRI inaita hali mbili za pointi kwa maneno ya Kiingereza ambayo moja lake kwa Kiswahili ni "kufungwa", na kwa kawaida hali hiyo ndiyo njia kuu, iliyonyooka. Baadhi yetu walikuwa wakitafsiri moja kwa moja. Lakini mtu wa Unguja akisikia "njia imefungwa" anaelewa hapitiki. Nilishawahi kumwona dereva anasimamisha treni kwa sababu ameambiwa "Mtoni imefungwa", na mwongozaji anashangaa kwa nini haendi. Sasa tunasema pointi inatoa "kuu" au "pembeni".

Namba ya gari na namba ya njia

Wakati wa kutafuta utaratibu mpya, kijana aliyefunga bodi alitaka tutumie anwani za kompyuta zenyewe. CT1003 ina maana kamili: C ni mfumo wa C/MRI, T ni pointi, 1 ni bodi ya kwanza, 003 ni pini ya tatu. Haiwezi kukosewa, alisema, na hakuna viwili vinavyofanana. Ni kweli. Lakini bodi ikiungua na pini zikahamishwa, CT1003 inakuwa kitu kingine, na kila picha ya ubao na kila sharti la ishara lililoandikwa kwa anwani hiyo linaelekea mahali pasipo.

Seremala mzee, ambaye hagusi kompyuta, ndiye aliyelitatua. Alisema: "Wanangu, mimi nikitaka kwenda Bububu napanda 502. Siijui pleti ya gari. Gari likiharibika, likija jingine lina 502, napanda."

Ndivyo hasa programu inavyofanya kazi, na tulikuwa hatujaitumia. JMRI inakipa kila kitu majina mawili. La kwanza ni la mfumo, lililofungwa na waya, sawa na pleti. La pili ni la mtumiaji, unaliandika upendavyo, sawa na namba ya njia ya daladala. Ukichora ubao na kuandika masharti kwa jina la pili, siku bodi inapobadilika unalihamisha jina hilo kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, na kila kilichokuwa kinaliita kinafuata. Sisi tulikuwa tumechora nusu ya ubao kwa pleti na nusu kwa majina.

Kutoka daladala tukachukua pia wazo la tarakimu ya kwanza. Anayeona gari la 116 au 309 anajua limetoka shamba gani kabla ya kusoma jina la kijiji. Kwetu, tarakimu ya kwanza ni kituo: 1 Ngomeni, 2 Malindi, 3 Mtoni, 4 Bububu.

Tarakimu ya pili tuliikopa kwa Wamarekani, na hapa kukopa kulitufaa. Kwenye mitambo yao ya kuongozea, nyenzo za pointi hupewa namba witiri na nyenzo za ishara namba shufwa, na zikikaa safu moja, wenzo wa pointi juu na wa ishara chini, zinafuatana: 1 na 2, 3 na 4. Ukisikia namba, umeshajua ni pointi au ni ishara. Pointi mbili zinazogeuka pamoja kwa wenzo mmoja, za kuvukia kutoka njia moja kwenda nyingine, hubeba namba moja na kutofautishwa kwa A na B. Hiyo tuliichukua nzima. Pointi ya ajali, ile ya majina manne, ikawa 23. Ishara zake zikawa 24.

Ilibaki kusema kitu chenyewe ni nini: wenzo, pointi, kihisi, taa. Herufi moja moja zilitushinda tena. S tulishaiona. I ya "ishara" inafanana na 1 kwenye lebo iliyoandikwa kwa kalamu. T kwetu ingekuwa taa, na kwa programu ni pointi. Binti wa Chake akauliza kwa nini tunang'ang'ania herufi wakati lugha yetu inafupisha kwa silabi. BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) si herufi za kwanza, ni silabi. TAKILUKI (Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni) ni silabi. Mtu anayesikia silabi mbili anaweza kulifikia neno, na akisema kwa simu hakuna kuchanganya.

Basi 23-WE ni wenzo kwenye ubao. 23-PO ni pointi kwenye reli. 23-KI-KU ni kihisi kinachothibitisha kwamba ulimi umefika kuu, na 23-KI-PE ni cha pembeni. 23-LE-KU na 23-LE-PE ni ledi zake mbili kwenye ubao. 23-SE ni sehemu ya reli iliyokatwa peke yake pale kwenye pointi, ili tujue kama kuna treni juu yake na pointi isigeuzwe chini ya magurudumu. Yote kwa herufi kubwa, kila mara, kwa sababu ya "Malindi2" na "malindi2". Majina haya si mazuri kusoma, lakini sasa mtu akitaka kuunganisha ledi na wenzo badala ya kihisi, kosa lenyewe limeandikwa mbele yake: 23-LE-KU inasoma 23-WE. Kabla ya hapo kosa halikuwa na sura. Kwangu faida ya majina haya ni hiyo kuliko nyingine zote.

Taa ya Bububu

Hatukumaliza bila ubishi. Ishara za 24 ni mbili, moja kwa kila upande, na tulishakubaliana M na B. Lakini 24-TA-B (TA ni taa ya ishara) ni ipi? Ni ile inayoelekeza treni ziendazo Bububu, au ile iliyosimama upande wa Bububu? Hizo ni taa mbili tofauti, maana ishara ya kuizuia treni itokayo Bububu husimama upande wa Bububu lakini kazi yake ni kuiruhusu kwenda Mjini. Kiswahili hakitusaidii hapo: "taa ya Bububu" inabeba maana zote mbili kwa raha kabisa.

Maalim alishika daladala. "Gari ya Bububu ni ile inayokwenda Bububu. Ukiikuta Darajani ni ya Bububu vilevile." Hoja nzuri, na ndivyo walivyo Wamarekani, kwani kwao herufi inafuata kule treni inakoruhusiwa kwenda, na wenzo wa ishara unageuzwa kuelekea huko huko. Lakini binti akamjibu kwa adabu: "Na ikirudi mjini, Maalim, si bado imeandikwa Bububu?" Ikabidi tunyamaze kidogo.

Tulichofanya ni kubaki na maana ya Maalim na kubadilisha matamshi. 24-TA-B haisomwi "taa ya Bububu". Inasomwa "mbili-nne, ya kwendea Bububu". Kile "kwendea" kinamaliza ubishi. Namba nazo tunazitaja tarakimu moja moja, kwa sababu "ishirini na tatu" na "ishirini na nne" kwenye simu yenye kelele zinafanana mpaka neno la mwisho, na neno la mwisho ndilo linalomezwa.

Ngomeni ilitutesa kwa namna nyingine. Utaratibu wa witiri na shufwa unaipa kila stesheni pointi tano tu, 11 hadi 19, na uwanja wa Ngomeni una pointi saba. Wengine walitaka kuongeza tarakimu ya tatu. Mimi nilipinga, kwa sababu ungebadilisha majina ya vituo vyote kwa shida ya kimoja. Tulipokaa na kutazama, tuliona pointi nne za uwanjani ni za kupanga mabehewa tu, na treni ya njia kuu haipiti juu yake. Hata kwenye reli za kweli, pointi nyingi za uwanja hugeuzwa kwa mkono na watu wa pale, na mwongozaji wa mbali hahusiki nazo. Tukazitoa kwenye ubao. Zina vishikio vyake mezani, na zimepewa majina ya kawaida: ya mizinga, ya mnazi, ya kisima, ya mlango. Hizo hazihitaji silabi, kwa sababu anayezigeuza anaziona.

Kuhamia

Kubadilisha majina kulichukua usiku kumi na mmoja, baada ya isha. Kila usiku kituo kimoja au nusu yake. Tulianza kwenye reli, si kwenye kompyuta: mtu mmoja anausukuma ulimi wa pointi kwa kidole, mwingine anatazama ni mstari gani unabadilika kwenye jedwali, wa tatu anaandika. Kwa njia hiyo tulikuta vihisi viwili vya Mtoni vilivyokuwa vimebadilishana waya tangu mwanzo, na hakuna aliyejua kwa sababu vyote viliitwa kwa jina la kituo. Kila waya sasa una lebo ncha zote mbili, lebo ileile, na jedwali limechapishwa na kutundikwa kwenye ukuta wa chumba cha ndani. Pleti upande wa kushoto, njia upande wa kulia. Likibadilika kwenye kompyuta na lisibadilike ukutani, kazi haijakwisha.

Jaribio la kweli halikupangwa. Wiki chache baadaye umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kama tunavyoujua, na bodi ya kwanza ikatoa harufu ya kuungua. Zamani hiyo ingekuwa kazi ya wiki. Kijana aliyewahi kuzitetea anwani alichukua bodi ya akiba, akaipa namba 3, akahamisha waya kwa kufuata lebo, kisha akakaa kwenye kompyuta na kuyahamisha majina moja moja kutoka CT1003 na jirani zake kwenda anwani mpya. Hakugusa ubao wala sharti la ishara hata moja.

Alipomaliza, Maalim alirudisha mlango, akageuza 23-WE. Taa zote mbili zikazima. Tukasubiri. Kijani ikawaka. "Mbili-tatu inatoa nini?" akauliza kwa simu. "Mbili-tatu inatoa kuu, Maalim." Treni ya mawe ikatoka Bububu. Behewa la mvule lilikuwa la tatu kutoka kichwani, na ukilitazama kwa karibu utaona ubavuni mstari mwembamba wa gundi.